Ulimi wa Mama Mkwe

Mgahawa ulikuwa na meza tisa, na juu ya meza hizo hapakuwahi kuwekwa sahani iliyozidi kiganja cha mtu mzima. Mgeni wa mara ya kwanza alipoletewa bilinganya ya kuchoma, vijiko vinne tu vilivyonyunyiziwa ufuta, aliitazama sahani, akamtazama mhudumu, kisha akauliza kama hicho ndicho chakula chenyewe au ni cha kuonja kabla ya kununua. Mhudumu alikuwa wifi yake mwenye mgahawa, na swali hilo alikwisha kulizoea. Aliwaambia watu waagize sahani tano wale watatu, na wasigombane. Basi ikaja dengu iliyopondwa na ndimu, wakaja samaki katika tui zito la tangawizi, zikaja karoti za siki, boga lililookwa kwa asali na pilipili, vinofu vya nyama ndani ya mtindi. Watu wakaanza kusogezeana sahani, huyu akichovya kwa yule, na kabla ya nusu saa waliokuja wamenuna walikuwa wanaulizana nani kamaliza ile ya katikati. Vyakula hivyo vilikuwa vya huku na kule, na mpishi alipoulizwa vimetoka wapi, alijibu kwamba vimetoka jikoni.

Mpishi huyo walimwita Kijiko. Jina alilipata utotoni, kwa sababu alizunguka nyumba za jirani na kijiko mfukoni akifunua masufuria yasiyo yake. Alipokua, alifanya kazi katika jiko la hoteli miaka kumi na mmoja, akianzia kumenya vitunguu na kumalizia kupika vyakula walivyobuni wengine. Kisha akafungua pake, katika chumba kilichokuwa duka la vitambaa. Mumewe, fundi seremala, alimchongea zile meza tisa, nyembamba kwa makusudi, ili watu wanaokula wasiweze kukwepana.

Mwaka wa nne wa mgahawa yakaja mafua mabaya. Kijiko alilala kitandani siku tisa. Siku ya kumi aliamka, akachemsha chai, akanywa, akaona kama anakunywa maji ya moto. Alidhani ni mabaki ya ugonjwa. Akarudi kazini, kwa sababu jiko halimngoji mtu, na wiki ikapita.

Siku moja alikuwa anakata karoti, na nyuma yake, hatua tatu tu, vitunguu vilikuwa motoni. Wifi yake aliingia mbio, akazima moto, akafungua madirisha. Vitunguu vilikuwa vyeusi kama mkaa na jiko lilijaa moshi. Kijiko alisema alizama katika mawazo. Lakini wageni wa mchana walipoondoka, alijifungia jikoni, akashusha makopo yote rafuni, akayafunua moja moja: karafuu, mdalasini, bizari, kahawa. Alitia pua kwenye chupa ya siki mpaka machozi yakamtoka, na harufu hakuisikia. Ulimini vilikuwa vimebaki chumvi, sukari, uchachu na ukali basi, navyo hafifu mno hata asiweze kupima kiasi, kama nyumba iliyohamwa ikabaki misumari ukutani.

Daktari wa masikio na pua alimwambia mshipa wa kunusa umeumia. Huenda ungepona baada ya miezi, huenda baada ya miaka, na huenda usipone kabisa. Alimpa zoezi la kunusa vitu vinne kila asubuhi, hata kama hasikii kitu. Kijiko alishukuru, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na mgahawa.

Alipika kwa kumbukumbu. Mkono wake ulijua chumvi ya dengu ni kiasi gani, ulijua tangawizi ya kidole kimoja na nusu. Tatizo ni kwamba ndimu za wiki hii si za wiki ile, na chumvi ya mawe si ya unga, na vitu hivyo mkono hauvijui. Alijipa moyo kwamba hakuna aliyelalamika.

Alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja na mkewe kila Alhamisi mchana, meza ya dirishani, sahani sita. Alhamisi hiyo alionja samaki mara moja, akaweka uma chini, akaisukuma sahani pembeni kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Kijiko aliona kupitia kidirisha cha jikoni. Akafuta mikono, akatoka.

"Mwalimu, samaki leo hakukupendeza?"

Mwalimu alimtazama mkewe, kisha akamtazama yeye. "Tui limechacha, mwanangu. Na wiki iliyopita dengu ilikuwa na chumvi ya kutosha nyumba tatu. Sikusema kwa sababu nilidhani una msiba."

Kijiko aliomba radhi, akarudi jikoni, akalimwaga tui lote kwenye sinki. Tui lililochacha watu hulijua tangu mlangoni, na yeye alikuwa amelikoroga asubuhi nzima. Angeweza kumlaza mtu hospitalini. Wifi yake alisimama na sinia mkononi, akaanza kulia. Alikiri kwamba kwa wiki tatu sahani zilikuwa zinarudi nusu, na yeye alikuwa anazikwangulia kwenye ndoo ya nje kabla hajaziingiza jikoni, ili mpishi asione.

"Kwa nini hukuniambia, wifi?"

"Nilikuonea huruma."

Neno hilo lilimuuma kuliko tui.

Jioni hiyo aliwaeleza wote wawili, mume na wifi, maneno ya daktari. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama fundi anavyosema mbele ya ubao uliopasuka: ajiriwe mpishi mwingine, yeye Kijiko asimamie tu, apumzike mpaka pua irudi. Alisema kwa upendo, na Kijiko aliujua upendo huo. Akamjibu kwamba pua imekufa lakini mikono haijafa, na kwamba mtu aliyefika mgahawani pake kula chakula cha mwingine anaweza kukipata popote. Hatafunga na hatakaa pembeni. Anachokosa ni ulimi tu, na ulimi mtu anaweza kuazimwa.

Kesho yake akaanza kuutafuta ulimi huo. Alianza na wifi yake, ambaye kila alichoonja alikiona kitamu, hata dengu ambayo Kijiko aliitia chumvi mara mbili kwa makusudi ili kumpima. Mumewe alipoletewa sahani tatu alizimaliza zote, akauliza kama ipo ya nne. Kijiko alikaa kwenye gunia la viazi, akafikiri. Alihitaji mtu asiyejua kubembeleza. Na mtu huyo alimjua, alimjua vizuri mno, na kwa kumjua huko ndiyo maana hakutaka kumfikiria.

Mama mkwe wake alikuwa mkunga mstaafu. Alifanya kazi ya kuzalisha miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo hakumwambia mzazi hata mmoja kwamba haitauma. Alikaa mtaa wa pili, peke yake. Katika miaka kumi na minne ya ndoa ya Kijiko hakuwahi kula chakula cha mkwewe bila kutoa neno, na neno lenyewe halikuwahi kuwa asante. Wali ulikuwa mbichi kwa ndani. Mchuzi ulikuwa na haraka. Mgahawa ulipofunguliwa, alikuja mara moja, akala sahani mbili, akasema watu wa siku hizi wana pesa za kuchezea, akaenda zake.

Kijiko alimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Alimwamkia, akakaa, akaeleza bila kuzunguka. Mama mkwe aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo tangu upone unalisha watu kwa kubahatisha."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi umenijia kwa nini? Una mume, una wifi yako."

"Hao wananipenda."

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya ungo. Kisha akacheka, kicheko kirefu, mpaka ikabidi auweke ungo chini. "Na mimi je?"

"Wewe unasema kweli."

Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Alitoa masharti yake papo hapo. Atafika saa tatu asubuhi na ataondoka saa tisa, kwa sababu ana usingizi wake wa mchana. Atapewa kiti chenye mgongo. Na siku atakayosema kitu ni kibaya, asije mtu kumwambia aonje tena labda atakizoea.

Siku ya kwanza zilipikwa sahani kumi na moja, na mama mkwe akazikataa saba. Kukataa kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kujua alikuwa anakataa nini. Alisema dengu imesinzia. Alisema karoti zinapiga kelele. Kijiko alichukua daftari, akaanza kumhoji kama polisi: imesinzia vipi, unapoitia mdomoni au baada ya kumeza? Ukali unaupata ncha ya ulimi au kooni? Ukiisha kumeza kinabaki nini? Mama mkwe alisema tangu azaliwe hajaulizwa maswali mengi namna hiyo kuhusu kitu kinachoishia chooni. Lakini alijibu. Kufikia mwisho wa wiki Kijiko alijua kwamba "imesinzia" ni ndimu imepungua, na "ina haraka" ni viungo havijakaangika, na "imevaa nguo mbili" ni mdalasini umekutana na karafuu bila sababu.

Mambo mengine alijifunza mwenyewe. Tunasema harufu husikiwa, basi na yeye akaamua kusikia kwa masikio. Vitunguu vikiwa na maji hunguruma, maji yakiisha sauti huwa nyembamba, na hapo ndipo utamu unapotoka, ukichelewa kidogo tu vinaungua. Boga alilibonyeza kwa kidole. Bilinganya aliijua kwa namna ngozi inavyolegea. Tui lilikamuliwa kila asubuhi, kidogo kidogo, na halikuingia sufuriani kabla mama mkwe hajalinusa na kutikisa kichwa kukubali.

Siku ya nane waligombana. Mama mkwe alirudisha mchuzi wa mtindi mara tatu, na mara ya nne akasema labda kazi hii imemshinda mpishi mwenyewe na aache ubishi. Kijiko alitupa mwiko kwenye sinki, akatoka mlango wa nyuma, akasimama kati ya makreti ya soda na kulia kwa hasira. Alilia kwa dakika chache tu, kwa sababu mkate ulikuwa kwenye oveni. Akanawa uso kwenye bomba la nje, akarudi. Alimkuta mama mkwe ameosha sufuria, anamwaga mtindi mpya.

"Baba yao," mama mkwe alisema bila kugeuka, akimaanisha marehemu mumewe, "nilimpikia miaka ishirini na tisa. Hakuwahi kusema kibaya, hakuwahi kusema kizuri. Alikula, akanawa, akaondoka. Siku nyingine nilitia chumvi nyingi makusudi nione kama atasema. Alikunywa maji." Akakoroga. "Nikaapa kwamba mtu akinipikia mimi, nitamwambia. Mimi nilidhani nakupa heshima."

Kijiko alichukua mwiko kwenye sinki, akausuuza. Mchuzi wa tano ulipita.

Alhamisi iliyofuata mwalimu na mkewe walikuja, labda kwa mazoea tu. Kijiko alikwenda mezani kabla hawajaagiza, akawaambia ukweli wote, pua, tui, na mama aliyeko jikoni. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani, akaifuta. Alisema Jumamosi ya wiki ijayo wanafunzi wake wa zamani, kumi na wanne, wanakuja kumsherehekea kutimiza miaka sabini. Alikuwa ameshaanza kuulizia mgahawa mwingine.

"Nitawaleta hapa," akasema.

"Usinionee huruma, Mwalimu."

"Mimi sijawahi kumpa mtu alama za huruma. Watakapokuja, waulize."

Wiki hiyo Kijiko alijifunga kibwebwe. Alipanga sahani kumi na mbili, kila moja itoke mara nne. Mumewe aliunganisha meza nne ziwe moja ndefu. Jumamosi mama mkwe alifika saa moja asubuhi badala ya saa tatu, akasema hakupata usingizi kwa kelele za mbwa.

Saa sita na nusu wageni walikuwa wamekaa, na sahani za kwanza ziko tayari kutoka. Mama mkwe akaonja bilinganya. Akatikisa kichwa kukataa.

"Imepooza. Tia chumvi, tia ndimu."

Mkono wa Kijiko ulikuwa tayari umeshika chumvi. Kwa wiki tatu alikuwa akitii, na kutii huko ndiko kulikomwokoa. Lakini aliitazama ile bilinganya, kisha akatazama sahani zilizokuwa pembeni yake kwenye sinia: samaki wa moshi, mwenye chumvi yake, na karoti za siki. Zilikuwa zinatoka pamoja. Mtu atachukua kipande cha samaki, atatafuna karoti, halafu ulimi wake utataka mahali pa kukaa.

Akaweka chumvi chini. "Inatoka hivyo hivyo, Mama."

"Mimi ndiye ninayesikia ladha humu ndani, si wewe."

"Wewe unaonja sahani moja. Mimi napikia meza nzima."

Wifi alisimama na sinia, hajui amtazame nani. Mama mkwe alimkazia macho mkwewe, kama alivyowakazia macho wanawake waliokuwa wanamwambia hawawezi tena kusukuma. Kisha akachota kipande cha samaki, akakila, akala karoti, akarudia bilinganya. Alitafuna polepole.

"Peleka," akamwambia bintiye. "Ikirudi, ataila yeye."

Kijiko alisimama kwenye kidirisha. Mwanzoni kulikuwa na yale yale. Jamaa mmoja mnene, mkandarasi, aliuliza kwa sauti kama wamepunguziwa kwa sababu ya uzee wa mwalimu. Watu wakacheka, wakaanza kuchota. Baada ya hapo vicheko vikapungua, zikabaki sauti za vijiko na za watu kusema sogeza hiyo huku. Mwanamke aliyevaa miwani alichukua samaki, akachukua karoti, akachovya mkate kwenye bilinganya, akafumba macho kidogo, akamsogezea sahani jirani yake. Bilinganya zote nne zilirudi jikoni zimefutwa kwa mkate. Wakaagiza nne nyingine. Mkandarasi akaagiza ya kwake peke yake, akaikinga kwa mkono.

Si yote yaliyokwenda sawa. Mtindi wa nyama ulikatika katika sufuria ya pili, Kijiko akauona kwa macho ukiwa vipande vipande, akaumwaga na kuanza upya huku meza ikingoja. Wifi akavunja sahani mbili. Lakini saa tisa ikapita bila mama mkwe kutaja usingizi wake, na saa kumi mwalimu mwenyewe akaja mpaka mlango wa jikoni, ameshika leso.

"Boga lina pilipili nyingi mno," alisema. "Kumi na moja kwa kumi na mbili."

Kijiko alimshukuru. Mwalimu alipoondoka, yeye na wifi yake walitazamana, halafu wakamtazama mama mkwe, kwa sababu pilipili ya boga ni yeye aliyesema iongezwe, mara mbili. Mama mkwe alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya kiti. Alisema pilipili za siku hizi hazieleweki, na kwamba ulimi wa mtu wa miaka sabini na mbili nao una haki ya kuchoka. Kijiko alicheka mpaka akashika meza. Aliandika kwenye daftari: pilipili, muulize na wifi.

Wiki iliyofuata alibandika karatasi mlangoni, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba mpishi wa hapa hasikii harufu, kwamba kila sahani huonjwa na watu wawili kabla ya kutoka, na kwamba mwenye neno aje aliseme jikoni. Baadhi ya watu walisoma wakageuza. Wengine waliingia kwa sababu ya karatasi hiyo, na wachache walikuja kweli mpaka jikoni na neno lao, wakamkuta mama mkwe, wakajuta.

Pua haikurudi. Mwezi wa saba tangu augue, katika lile zoezi la asubuhi, alipata kitu kutoka kwenye kopo la karafuu, kitu kama karatasi inayoungua mbali sana. Daktari alisema huenda ni dalili njema, huenda sivyo. Kijiko hakumwambia mtu kwa siku mbili, safari hii si kwa kuficha, bali kwa sababu alikuwa na kazi nyingine kichwani.

Alikuwa anataka sahani mpya. Zote zilizokuwa kwenye menyu zilikuwa za zamani, alizozijua kabla ya mafua, na alikuwa amechoka kupika kumbukumbu. Alifikiria nanasi lililochomwa mpaka sukari yake iungue kidogo, jibini ngumu yenye chumvi juu yake, na majani machungu chini. Hakuwahi kula kitu kama hicho, na huenda asingekijua ladha yake maisha yake yote. Mara ya kwanza mama mkwe alisema ni kama watu watatu wanaogombea mlango. Mara ya pili wifi alisema jibini inakaba. Kijiko aliikata nyembamba zaidi, akaandika, akachoma tena. Mara ya tano wote wawili walinyoosha mikono kwa kipande kilichobaki.

Sahani hiyo iliingia kwenye menyu Jumanne. Ya kwanza iliagizwa meza ya sita na mtu ambaye hakuna aliyemjua, aliyeingia kwa ajili ya mvua tu. Kijiko alipanga majani, akaweka nanasi la moto juu, kisha jibini, akaisikiliza ikitatarika, akaufuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, akagonga kengele ili wifi aje aichukue.